Je, Mwanao Anasoma au Anakariri?

Ifikapo Machi au Aprili, mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwezi wa Januari hurudi nyumbani, hufungua kitabu na kusoma "baba, babu, bibi" bila kukwama. Mama hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini sisi tunaofundisha darasa la kwanza tunakuomba jambo moja, mama. Funika picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno lililo katikati ya ukurasa, kisha umwulize, "Hapa pameandikwa nini?" Baadhi ya watoto hunyamaza. Wengine huanza upya kutoka juu mpaka wafike kwenye kidole chako. Hao bado hawajajua kusoma, wameukariri ukurasa.

Huo si uvivu wala utundu. Darasani silabi husomwa kwa pamoja, mara nyingi kwa kuimba: ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu huelekeza ubaoni kwa kijiti na darasa zima huitikia. Wimbo huwachangamsha watoto na kuwapa moyo wenye haya. Lakini panapokuwa na watoto 80 katika chumba kimoja, sauti ya mmoja humezwa na za wenzake. Mtoto aweza kuufuata wimbo huku macho yake yako dirishani.

Asipogunduliwa mapema, akifika darasa la tatu atakuta kila somo limo vitabuni. Hapo ataanza kuitwa mzito, kumbe alikosa msingi tu. Ndiyo maana mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania ulirekebishwa ili kutilia mkazo KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Kusoma
Nyumbani wengi wetu tulifundishwa majina ya herufi: a, be, che, de, e, efu. Mtoto anayejua "efu" hushangaa inakuwaje "efu" na "a" zikikutana zitoe "fa". Kwa hiyo mfundishe sauti ya herufi kwanza, jina litafuata. Kisha kata boksi tupu vipande vidogo, uandike ka, ta, la, ma, kila silabi kwenye vipande viwili. Mwache aviunganishe: kaka, mama, lala, kata. Mwambie abadilishe nafasi za vipande vya "kata", naye ataona imekuwa "taka". Hapo hakuna wimbo wa kumsaidia, lazima atazame.

Kuhesabu
Vizibo vya soda, punje za maharage na vijiti vyatosha. Afunge vijiti kumi kwa uzi, kisha aweke vitatu pembeni. Kiswahili chenyewe kinamsaidia: kumi na tatu ni kumi na tatu kweli. Ugumu huja kwenye ishirini na thelathini, kwa kuwa majina hayo hayamwonyeshi kumi ziko ngapi. Mwonyeshe mafungu mawili, halafu matatu, ayashike kwa mikono yake.

Kuandika
Mkono hukomaa polepole. Aandike kwanza kwa kidole mchangani, herufi kubwa kubwa, kabla ya kubanwa na mistari ya daftari. Akigeuza 5 au akiandika d mahali pa b, usimgombeze. Ni kawaida katika umri huo. Mwonyeshe tena taratibu. Lakini akiwa anakunja uso kila anapotazama mbali, au haitiki akiitwa, mpeleke akapimwe macho na masikio.

Dakika kumi kila jioni zinatosha, hata ukiwa jikoni unachambua mchele. Badala ya kumwuliza "Umepata ngapi leo?", mwambie, "Nisomee neno moja." Na kama wewe mwenyewe hukubahatika kusoma sana, usijione huna la kumpa. Mhesabishe maharage, mwambie akusimulie waliyofanya darasani, mpe nafasi ya kuuliza.

Ikiwa umefika mwezi wa Juni naye bado anababaika unapomchanganyia silabi, usingoje ripoti ya mwisho wa mwaka. Njoo shuleni uonane na mwalimu wake, mpange pamoja la kufanya. Sisi tuna watoto wengi mbele yetu. Wewe jioni unaye mmoja pembeni yako, na sauti yake unaisikia vizuri.