Siku ya Kuuliza na Neno la Kuulizia: Upimaji wa Dalili za Wanawake Wanaotibiwa Saratani ya Matiti

Kichefuchefu, uchovu na ganzi ya vidole havionekani katika picha ya eksirei wala katika kipimo cha damu. Hujulikana kwa njia moja tu: mgonjwa mwenyewe aulizwe, naye ajibu. Makala hii inafafanua namna jibu hilo linavyogeuzwa kuwa namba, na inadai kuwa namba hiyo hutegemea mno siku aliyoulizwa mgonjwa na neno alilouliziwa, mambo mawili ambayo sura za mbinu za utafiti huyapitia kwa haraka.

Miongoni mwa hojaji zinazotumika sana ni QLQ-C30 ya shirika la Ulaya la EORTC, iliyochapishwa na Aaronson na wenzake mwaka 1993. Ina maswali 30 yanayowahusu wagonjwa wa saratani zote. Mwaka 1996 ilipata nyongeza ya maswali 23, QLQ-BR23, kwa ajili ya saratani ya matiti: mkono kuvimba, maumivu ya titi, nywele kunyonyoka, na namna mwanamke anavyouona mwili wake. Maswali ya dalili hujibiwa kwa ngazi nne, kuanzia 1 (hapana kabisa) hadi 4 (sana), na karibu yote huhusu wiki moja iliyopita. Wastani wa majibu hupunguzwa 1, hugawanywa kwa 3, kisha huzidishwa kwa 100. Alama ikipanda, dalili imezidi.

Utata umo katika hiyo wiki moja. Doksorubisini na siklofosfamidi kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21, na kichefuchefu chake hushika zaidi katika siku za mwanzo baada ya dripu. Mtafiti naye humkuta mgonjwa kliniki siku ya dozi inayofuata, kwa kuwa nauli haimruhusu kuja siku nyingine. Wiki anayoulizwa basi ni ya tatu, ile ambayo amepata nafuu kiasi cha kuruhusiwa kupokea dozi tena. Tuchukulie mfano wa uchovu, unaopimwa kwa maswali matatu. Akijibu 2, 2 na 3 siku ya kliniki, alama yake ni 44.4. Lau angeulizwa siku ya saba baada ya dripu, akajibu 4, 4 na 3, ingekuwa 88.9. Osoba na wenzake (1998) walionesha kuwa badiliko linalozidi alama 20 wagonjwa wenyewe huliona kubwa sana. Hapa pengo ni zaidi ya maradufu ya hilo, na mgonjwa ni yuleyule. Daktari anayeamini kuwa dawa ya kuzuia kutapika inatosha atathibitishiwa imani yake na takwimu za wiki nzuri.

Kumpigia mgonjwa simu katikati ya mzunguko ni gharama ndogo ikilinganishwa na hasara hiyo. Katika jaribio la Basch na wenzake huko New York, lenye wagonjwa 766 wa saratani zilizosambaa, ya matiti ikiwamo, walioripoti dalili zao kwa kompyuta waliishi miezi 31.2 kwa wastani wa kati, dhidi ya 26.0 kwa waliopata huduma ya kawaida (2017).

Kuhusu neno, "umechoka?" ni swali la kazi. Mwanamke aliyezoea jembe na kinu hulijibu kwa kulinganisha na jembe na kinu; "kuishiwa nguvu hata bila kufanya kazi" hukaribia zaidi maana inayotafutwa. Paklitakseli nayo huweza kuleta ganzi, miguu kuwaka moto, au kuchomwachomwa kama kwa sindano, na anayeulizwa ganzi pekee aweza kukana hayo mengine. Zaidi ya hapo, hojaji inayosomwa kwa sauti hufuata salamu. Aliyekwisha kusema "nzuri, namshukuru Mungu" mbele ya muuguzi na wifi yake huona haya kusema "sana" dakika mbili baadaye. Ni adabu, si udanganyifu, na mhojaji hana budi kuitenga kwa kumwambia wazi kwamba salamu zimekwisha na sasa anapimwa.

Swali moja la QLQ-BR23 lahitaji tahadhari ya pekee: iwapo mgonjwa alisikitishwa na kunyonyoka nywele. Hujibiwa tu na aliyenyonyoka. Kwa asiyenyonyoka, nafasi iachwe wazi. Ikijazwa 1, atahesabiwa miongoni mwa waliopoteza nywele wasijali.