Kufunga Shule na Biashara Wakati wa Maradhi: Mpaka Wake ni Upi?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wakati wa maradhi ya korona liliulizwa sana suala hili: kiongozi akifunga shule na biashara ili kuzuia maambukizi, na hakuna ajuaye maradhi yataondoka lini, je, ufungaji huo una mpaka gani katika sheria?

Suala hili si la nadharia. Nchini Uganda shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na watu wakaelezwa kuwa ni kwa muda wa kama mwezi mmoja. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba mwaka huo, mengine yakafuata kwa mafungu, kisha Juni 2021 zikafungwa tena. Hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mwezi ukawa karibu miaka miwili, na walimu wa shule binafsi wanaoishi kwa ada wakakosa riziki.

Asili ya suala

Katika hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Hakutaja siku wala miezi. Aliifungamanisha hukumu na kuwepo kwa maradhi. Mwaka wa 18 Hijria (639), Khalifa Umar (r.a.) alipofika Sargh na kusikia habari za tauni ya Amwas, alishauriana na Muhajirina, kisha Ansari, nao wakahitilafiana, kisha wazee wa Kikureshi, ambao wote walikuwa na rai moja ya kurejea. Akaamua kurejea, ndipo Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi hiyo. Hapa tunajifunza kwamba kiongozi asiye na uhakika hushauriana kwanza.

Kanuni za wanavyuoni

Mosi, hukumu huenda pamoja na sababu yake: ikiwepo ipo, ikiondoka huondoka. Basi tarehe inayotangazwa ni makadirio tu. Kinachofunga ni madhara yenyewe.

Pili, yakini haiondolewi na shaka. Wapo waliosema: maradhi yamethibiti, basi tufunge mpaka tuyakinishe yametoweka. Lakini kutafuta elimu na riziki nako ni asili iliyothibiti, na kufunga ndiko kulikozuka. Kwa hiyo kila muda unapoongezwa panatakiwa dalili mpya. Wala haishurutishwi yakini; dhana yenye nguvu ya matabibu waaminifu yatosha, ya kufunga na ya kufungua.

Tatu, dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kinachoweza kufunguliwa bila madhara kisingoje kile kisichoweza. Duka la wateja wachache si sawa na soko lililosongamana, wala darasa la wanafunzi kumi si sawa na bweni la mia.

Nne, uamuzi wa kiongozi juu ya raia umefungamana na maslahi yao. Ni amana juu yake kuuangalia upya mara kwa mara na kuwabainishia watu sababu.

Haki za waliofungiwa

Anayezuiwa kuchuma kwa ajili ya usalama wa wote, ana haki juu ya wote. Qur'ani (2:280) imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Basi mwenye nyumba ampe muda mpangaji wa duka, na mwenye shule ampe muda mzazi aliyekwama. Aidha, mafakiri na wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka (9:60), na mwalimu wa madrasa aliyekatikiwa na riziki aweza kuwa mmoja wao. Maimamu wawatafute watu hawa mitaani kwao, kwani wengi huona haya kuomba.

Tena imamu asiwaahidi watu tarehe asiyoijua. Awaambie sababu ya kufunga, na alama ambayo ikionekana patafunguliwa. Mtu huweza kusubiri muda asioujua iwapo anajua anasubiri nini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.