"Bandia" au "Kaimu"? Istilahi Moja ya Majaribio ya Programu

Mwaka 2000 Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig walieleza njia ya kujaribu kipande kimoja cha programu ya kompyuta pasipo kuviamsha vipande vingine kinavyovitegemea. Mahali pa kila kimoja huwekwa kitu chenye umbo lile lile kwa nje, lakini kitupu kwa ndani. Neno la Kiswahili linalojitokeza kwanza ni "bandia". Mtoto wa bandia ni mwanasesere tu, asiye na hatia. Lakini noti bandia na dawa bandia zimelitia neno hili harufu ya hila.

Mfano wa Mitunguu, Imenti Kusini, mji ujulikanao kwa ndizi, waonyesha uzito wa swali. Na ichukuliwe kwamba kikundi cha wakulima kina programu ya Java ipokeayo uzito wa mikungu, ikakadiria malipo, kisha ikaiagiza M-Pesa impelekee kila mkulima fedha zake. Mtunga programu hawezi kutuma fedha halisi kila ajaribupo hesabu yake. Basi huweka mahali pa M-Pesa kitu kinachojibu apendavyo: imelipwa, imekataliwa, au kimya, kana kwamba mtandao umekatika.

Hatari imo katika ukimya huo. Programu makini huuliza kwanza hali ya agizo lililotangulia. Isiyo makini huagiza upya, na mkulima hulipwa mara mbili kwa mkungu mmoja, hasara ikiwaangukia wenzake. Kitu kinachojibu tu hakiligundui kosa hilo. Hutakiwa kinachokumbuka kiliagizwa mara ngapi na kwa kiasi gani, ili jaribio lishindwe agizo lizidipo moja. Mockito, maktaba ya Java itumikayo sana, ina amri mahususi ya kuhakiki hilo.

Mwaka 2007 Gerard Meszaros aliipa jamii nzima ya vitu hivi jina litokalo katika filamu, la yule arukaye na kuanguka badala ya mwigizaji. Kiswahili kina "kaimu", ashikaye nafasi ya mwingine kwa muda wala hamhadai mtu. Kweli, kaimu wa ofisini hutia sahihi zenye nguvu, na huyu hana mamlaka hayo. Hata hivyo lafaa kuliko "bandia". Yule mwenye kumbukumbu aweza kuitwa "kaimu shahidi", ingawa ushahidi wake una mpaka: M-Pesa halisi ikibadili namna ya kujibu, yeye ataendelea kujibu kama alivyofundishwa, na majaribio yote yatafaulu.