Streptomyces griseus: Bakteria wa Udongoni na Sumu Yake

Miongoni mwa viumbe visivyoonekana kwa macho matupu, Streptomyces griseus ana nafasi ya pekee. Ni bakteria aishiye udongoni, lakini umbo lake lafanana na la kuvu: hukua kwa nyuzi nyembamba zitambaazo kati ya chembe za udongo na kuozesha mabaki ya mimea. Neno griseus ni la Kilatini, maana yake "kijivu".

Chakula kipunguapo, bakteria huyu huinua nyuzi zenye kuzaa mbegu. Wakati huohuo hutoa kiuavijasumu, yaani kemikali yenye kuwadhuru bakteria wengine. Kemikali hiyo iligunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman, Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, ikaitwa streptomisini. Ndiyo iliyokuwa kiuavijasumu cha kwanza kufaa dhidi ya kifua kikuu, ugonjwa ambao penisilini haikuuweza.

Streptomisini huishika ribosomu, ambayo ni karakana ya protini ndani ya bakteria. Karakana hiyo hushindwa kusoma sawasawa maagizo yake. Protini hutoka na kasoro, na bakteria hufa.

Je, mbona sumu hiyo haimuui mwenye kuitengeneza? Jibu ni kwamba Streptomyces griseus anacho kimeng'enya kinachoibatilisha kwa kuipachika fosfeti. Sumu na kinga yake hukaa katika mwili mmoja. Kwa hiyo usugu haukuzaliwa hospitalini. Ulikuwapo udongoni kabla ya daktari.

Bakteria wa kifua kikuu nao wanayo njia yao: ribosomu yao ikibadilika kidogo tu, dawa haiishiki tena. Jambo hilo lilidhihirika mapema. Katika jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 1948, wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa streptomisini walifariki katika miezi 6, na 14 kati ya 52 wasiopewa. Hata hivyo, wengi wa waliotibiwa walionekana kuwa na bakteria sugu. Hapo ndipo waganga walipojifunza kuunganisha dawa zaidi ya moja, kwani bakteria aiepukaye moja huuawa na nyingine. Mgonjwa akatizaye tiba huwaachia walio sugu uwanja wazi.