Majarida ya upigaji picha: Yanakufundisha kupiga au kununua?

Ukiuliza leo ujifunzie wapi kupiga picha, utajibiwa fasta: YouTube, TikTok, Instagram. Lakini majarida ya upigaji picha bado yapo. Amateur Photographer la Uingereza lilianza Oktoba 1884, na siku hizi mengi yanasomeka kwenye simu.

Kwa mtu anayepiga picha kwa mapenzi tu, siyo kwa kazi, yanasaidia nini? Na yanampoteza wapi?

Faida: Kuna mpangilio

Kwenye mitandao, programu ndiyo inayokuchagulia somo. Leo umeona jinsi ya kupiga picha usiku, kesho unaletewa jamaa anayefungua boksi la kamera mpya. Bando linaisha, na bado hujui kwa nini picha za harusi ya dada yako zilitoka zimetikisika.

Jarida lina mhariri. Kuna mtu ameamua somo lipi litangulie, picha ipi iingie na ipi iachwe.

Chini ya picha nyingi huandikwa pia jinsi ilivyopigwa: lenzi, kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO. Ukizizoea namba hizo, unaanza kuelewa kwa nini maporomoko ya maji yanaonekana laini kama pamba kwenye picha moja, na kwenye nyingine kila tone limeganda. Ya kwanza shata ilikaa wazi muda mrefu, ya pili ilifunga haraka.

Faida: Somo zuri halichachi

Kamera zimebadilika sana, mwanga haujabadilika. Somo la kumweka mtu karibu na dirisha lililoandikwa miaka ya 1970 linafanya kazi hata kwa simu uliyoshika sasa.

Popular Photography la Marekani lilianza 1937 na likaacha kuchapishwa kwenye karatasi 2017. Matoleo yake mengi ya zamani yapo Google Books, na unayasoma bure.

Hasara: Matangazo

Jarida huishi kwa hela za wasomaji na za watangazaji. Watangazaji wengi ni haohao wanaotengeneza na kuuza kamera, lenzi na mabegi.

Hii haina maana kwamba kila tathmini ni ya uongo. Yapo majarida yanayopima vifaa kwa makini na kutaja kasoro zake. Tatizo ni uzito. Misingi ya mwanga na mpangilio wa picha ni michache, na ukishaijua umeijua. Vifaa vipya vinatoka kila mwaka, na kurasa lazima zijae. Toleo baada ya toleo, unabaki na wazo moja kichwani: kamera yangu haitoshi.

Hapo ndipo hela zinapotea. Mtu anauza kamera aliyokuwa hajaizoea bado, anaongeza hela ananunua nyingine, na picha zake zinabaki vilevile.

Hasara: Yameandikiwa mazingira mengine

Majarida mengi makubwa yanatoka Uingereza na Marekani. Yanasifia sana mwanga wa dhahabu wa jioni. Ni kweli mwanga huo ni mzuri, lakini London mwezi Juni jua linazama baada ya saa 3 usiku, tena linashuka polepole kwa mshazari. Dar es Salaam mwezi huohuo linazama kama saa 12 na robo jioni, na linashuka karibu wima. Ukijipanga kwa ratiba ya jarida, utafika ufukweni giza limeshaingia.

Ngozi nayo ni suala. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kuwa kilicho mbele yake kina rangi ya wastani, kama kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inapunguza mwanga na uso unatoka giza. Somo lililoandikwa kwa mfano wa uso mweupe linaweza lisiguse kabisa tatizo hilo.

Kwenye simu nyingi dawa ni rahisi: gusa uso kwenye skrini, kisha telezesha alama ya jua hadi uso uonekane vizuri.

Hasara: Simu siyo kamera kubwa

Masomo mengi yanakwambia ubadilishe tundu la lenzi ili nyuma ya mtu pafifie. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, na ule ukungu wa nyuma unatengenezwa na programu. Kwa hiyo ukilifuata somo hilo na likagoma, siyo kwamba umekosea.

Ukitaka kuyatumia

• Anza na matoleo ya zamani ya bure. Bei na vifaa vyake vimepitwa na wakati, hivyo havitakutamanisha.

• Chagua somo moja tu, ulifanyie mazoezi wiki nzima kwa kifaa ulicho nacho.

• Kabla ya kununua kifaa kipya, taja picha moja uliyoshindwa kuipiga kwa sababu ya kifaa chako. Kama huwezi kuitaja, hela yako ikae kwanza.

• Tathmini za vifaa zisome siku umeshaamua kununua. Siku nyingine, ruka kurasa hizo.