Mama, Ujue Magonjwa ya Moyo

Moyo ni kama pompi: unasukuma damu mwilini usiku na mchana. Lakini ugonjwa wake si wa namna moja.

1. Wa kuzaliwa nao. Mtoto ananyonya kidogo tu, anachoka, anatoka jasho, kilo haziongezeki. Mara nyingine midomo inakuwa ya bluu.

2. Wa kutoka kooni. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 anaumwa koo na homa. Anapona, mama anasahau. Kisha majuma 2 ao 3 viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko. Ugonjwa huu unaweza kuharibu milango midogo ya ndani ya moyo. Basi koo ikiuma pamoja na homa, mlete. Muganga akimpa penisilini, amalize yote, hata kama anacheza tayari. Aliyekwisha kuugua hivyo anapigwa sindano kila majuma 3 ao 4, miaka mingi. Usiikatize.

3. Wa mama mzazi. Mwezi wa mwisho wa mimba, ao katika miezi 5 baada ya kuzaa, miguu inavimba na ukilala chali unakosa pumzi. Usingoje.

Tansio ya juu nayo inachosha moyo. Ndiyo sababu tunakupima kila kiliniki.

Usiseme, «Ni sumu, wamemloga.» Ukizunguka kutafuta mlozi, moyo unazidi kuchoka. Hapa Kashuga anza kwenye kituo cha afya. Muganga atasikiliza kifua, na ikilazimu atakutuma hospitali ya Mweso.