Wamama wa mine: mkojo wenye kuunguza si mikrobi kila mara

Hii maneno wamama wa kazi yetu hawakuisema katika mkutano. Walituambia pembeni, wanaume walipokwisha kutoka. Mmoja wao, miaka 54, alikunywa antibiotiki mara 4 kwa mwaka mmoja ku dispansere ya kazi, na hakuna siku walipima mkojo wake. Inapoa kidogo, halafu inarudi: kuunguza, kukimbilia choo, na maumivu akilala na bwana yake. Ku mine choo iko mbali, basi akaacha kunywa maji. Kumbe ile nayo inazidisha.

Sisi si waganga. Tuliuliza munganga wa wamama, akatueleza: mwezi ukikatika, mwili unatengeneza estrojeni kidogo tu. Ngozi ya uke na ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu. Inaunguza hata bila mikrobi, na mikrobi nayo inapata mlango. Lile joto la ghafula mara nyingi linapita na miaka; huu ukavu haupiti wenyewe.

Lakini dawa iko. Kwanza kuacha sabuni na yale majani ya kukaza uke. Wakati wa kulala na bwana, mafuta ya maji ya farmasi. Vaselini hapana, inaharibu kondomu. Ikiwa haitoshi, munganga anaandika krimu ao vidonge vya estrojeni vya kuweka ndani ya uke, kila siku kwa juma 2 hivi, kisha mara 2 kwa juma. Kipimo ni kidogo, na inayoingia katika damu ni kidogo sana. Nafuu inaomba majuma. Mwenye alipata kansere ya titi aseme mbele ya kuanza. Na damu ikitoka kisha mwaka muzima bila mwezi, hata tone moja, ni kwenda lopitali mbio juu ya kuchunguza kansere.

Kodi ya kazi ya 2002 inaamuru mwajiri atunze mfanyakazi na jamaa yake, kwa hiyo bibi wa mchimbaji naye yuko ndani. Tuliomba patroni mambo 3: mkojo upimwe mbele ya antibiotiki, krimu iingie katika liste ya dawa, na choo ijengwe karibu na pale wamama wanachagua mawe. Choo walikubali. Ya kupima mkojo, wanasema wataona. Krimu, walicheka. Tunarudi nayo mwezi huu, na wamama 2 wamesema safari hii watakuja kuketi nasi mezani.